Shamba la Chai Nyanda za Juu Kusini: Kuanzia Kupima Udongo Hadi Kupogoa

Katikati ya shamba letu kuna duara la mashina ya chai kama arobaini ambayo hayajawahi kuchangamka. Majani yake ni ya njano kama limau bivu na kimo chake hakipiti goti, wakati mashina ya jirani, hatua mbili tu pembeni, yamefunga kijani kibichi. Niliwahi kuyamwagia mbolea mara mbili kwa msimu mmoja bila kuona badiliko. Siku nilipowauliza wazee, walicheka: "Pale palikuwa jiko la bibi yako." Miaka mingi ya majivu ya kuni, mifupa na samadi ya mbuzi ilipandisha pH ya kipande kile (kipimo cha uchachu: kikipanda, uchachu umepungua), na mahame, yaani mahali palipokuwa na makazi, ambayo mahindi na maboga huyafurahia, chai huyakataa.

Shina la chai likitunzwa huishi miaka 50 na zaidi. Kosa la mahindi unalisahau msimu unaofuata. Kosa la chai utalitazama hadi uzeeni. Sehemu kubwa ya makosa hayo hufanyika katika miaka mitatu ya kwanza, kabla hujauza hata mzigo mmoja wa maana, na hiyo ndiyo miaka ambayo watu huiharakisha. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mwanzo. Kalenda ninayotumia ni ya Mufindi na Njombe. Aliye Rungwe, Usambara au ng'ambo Kericho atahamisha miezi kulingana na mvua zake.

Kwanza ulizia kiwanda

Kabla ya jembe na kabla ya udongo, jua jani lako litakwenda wapi. Jani bichi la chai halihifadhiki. Tangu linapochumwa linahitaji kufika kiwandani ndani ya saa chache, siku hiyo hiyo, la sivyo linaanza kujipika lenyewe. Pima muda wa gari kutoka shambani hadi geti la kiwanda wakati wa mvua ya Machi, maana barabara ya Agosti inadanganya. Kisha zungumza na wakulima wanaouza pale, uwaulize mara ya mwisho walilipwa lini. Sisi tumewahi kukaa miezi kadhaa bila malipo, majani yakapita umri shambani huku watu wakihamia kwenye parachichi na miti ya mbao. Wengine hawakurudi tena, na siwalaumu.

Kuchagua na kupima eneo

Chai inataka udongo wenye uchachu, pH kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Ikizidi 6 unajitafutia ugonjwa. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 katika kila eka, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi, kisha peleka kama nusu kilo maabara. Kwa wa Mufindi, kituo cha utafiti wa chai cha Ngwazi kipo jirani na wataalamu wake wanaijua ardhi hii. Palipokuwa na nyumba, zizi au tanuri la mkaa usipachanganye na sampuli nyingine. Papime peke yake. Pakionekana pabaya, weka salfa mapema ili kushusha pH na upime tena kabla ya kupanda, au ufanye pawe bustani ya mboga. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati wa kusafisha shamba usirundike takataka na kuzichoma katikati. Kila lundo la moto litakuachia duara kama la jiko la bibi.

Mvua isipungue milimita 1,200 kwa mwaka. Rungwe wanapata zaidi ya 2,000 na kiangazi chao ni kifupi, ndiyo maana chai yao haipumziki sana. Mufindi kiangazi huanza Juni na kinaweza kufika mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo shina linaishi kwa maji yaliyo chini sana. Chimba shimo la mita 2. Ukikuta mwamba, tabaka gumu au maji yanayotuama, tafuta kwingine. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, viache kwa mboga na viazi. Zaidi ya unyevu mwingi, baridi hushuka na kulala bondeni, na jalidi ya Juni hadi Agosti huunguza majani yakawa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Kama eneo lina miti mikubwa, usiikate ikiwa hai. Vua gome kuzunguka shina la mti, uuache usimame mwaka mmoja au miwili mpaka ufe pole pole. Mti wa namna hiyo hutumia wanga wote uliomo mizizini, na kuvu wa Armilaria hapati chakula. Ukiangusha mti mbichi na kuacha kisiki, kuvu huyo hujijenga humo kisha huhamia kwenye chai kupitia mizizi. Utalitambua shina lililoshikwa: linakauka ghafla majani yakiwa bado yamening'inia, na ukibandua gome karibu na ardhi unakuta utando mweupe unaonuka uyoga. Hapo hakuna dawa ila kung'oa, kufuata mizizi yote na kuichoma nje ya shamba.

Kitalu

Kupanda mbegu kumeachwa karibu kila mahali. Tunapanda vipandikizi, ili kila shina lifanane na mama yake. Aina 6/8 kutoka Kenya inasifika kwa ubora wa chai kikombeni. SFS 150 ya Malawi inavumilia ukame. BBK 35 wengi wanaipenda kwa uzito. Panda aina mbili au tatu, lakini kila moja katika kipande chake. Ukizichanganya kwenye mstari mmoja zitachipua kwa nyakati tofauti na wachumaji watahangaika.

Machipukizi ya kukata hutoka kwenye mashina mama yaliyopogolewa na kuachwa bila kuchumwa miezi sita au saba. Yakate asubuhi na mapema, yatumbukize kwenye ndoo ya maji, ukae kivulini na wembe mpya. Tupa ncha iliyo laini, tupa pia sehemu ya chini iliyoanza kuwa kahawia na ngumu. Katikati ndiko kwenye mali. Kila kipande kiwe na jani moja na kijicho chake kwapani. Juu ya jani kata kwa mshazari, nusu sentimita tu kutoka kwenye kijicho, mkato ukifuata mlalo wa jani. Chini acha kijiti cha sentimita 3 hadi 4. Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, ubadilishe. Ngozi iliyochanika haitoi mizizi, inaoza.

Viriba viwe na upana wa sentimita 10 na urefu wa 25. Sehemu ya chini jaza udongo wa juu uliochanganywa na mbolea ya fosforasi. Sentimita 8 za juu jaza udongo mwekundu wa chini kabisa, usio na mbolea wala mboji. Watu wanaona hili kama uchoyo na kujaza udongo mweusi mpaka juu, kisha wanashangaa vipandikizi vinaoza. Jeraha bichi halitaki utajiri. Udongo ukiwa na pH ya juu, kipandikizi huvimba kinundu kikubwa cheupe chini na kukaa hivyo hivyo miezi, bila mzizi.

Chomeka kipandikizi mpaka jani lianze, lakini jani lisiguse udongo wala kulalia jirani. Mwagilia, kisha pinda fito za mianzi juu ya tuta lenye viriba na funika kwa nailoni, kingo zote uzifukie kwa udongo. Juu yake weka kivuli cha nyasi au kangaga. Ndani ya nailoni kuwe na umande. Ukiona matone asubuhi, acha. Ukiona pakavu, fungua, mwagilia, funga. Usizoee kufunua funua kwa kutaka kuona. Baada ya miezi mitatu hadi minne mizizi imeshajaa, na hapo ndipo unaanza kuzoesha miche: fungua ncha mbili za tuta kwa wiki, kisha robo, kisha nusu, hadi nailoni itoke kabisa. Kivuli nacho kipunguze kidogo kidogo. Huku kwenye baridi mche huwa tayari miezi 10 hadi 14 tangu kuchomekwa, ukiwa na urefu wa sentimita 20 au zaidi na shina nene kama penseli.

Kupanda

Nafasi ya sentimita 120 kati ya mistari na 75 kati ya mashina inakupa mashina 11,111 kwa hekta, karibu 4,500 kwa eka. Andaa miche 5,000 kwa eka, maana ya kuzibia mapengo ni lazima. Mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa mmoja. Kwenye mteremko mkali weka makinga maji kabla ya kuchimba shimo hata moja.

Mashimo yachimbwe kiangazi, kina cha nusu mita, udongo wa juu ukiwekwa upande wake. Mvua ikishalowesha ardhi vizuri, Desemba au Januari, anza kupanda. Changanya kijiko kimoja cha mbolea ya DAP na udongo wa juu, rudisha shimoni, kisha chana kiriba kwa wembe kuanzia chini. Kitoe chote. Nimeng'oa shina la miaka mitano lililokuwa likidumaa nikakuta mizizi imejizungusha ndani ya nailoni kama tambi. Mpandaji alikuwa analipwa kwa idadi ya miche. Bonge la udongo lisivunjike, shingo ya mche iwe sawa na usawa wa ardhi, kisha shindilia kwa mikono.

Funika ardhi kati ya mistari kwa nyasi nene, majani ya Guatemala yanafaa sana, bila kugusa shina. Maharage unaweza kupanda katikati mwaka wa kwanza, mbali kidogo na miche. Mahindi usithubutu.

Mapengo yazibwe mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo majirani wameshajinyoosha na mche mpya hauoni jua. Pengo moja katika kila mashina kumi ni sehemu ya kumi ya mavuno unayoipoteza kwa miaka 50, na hapo magugu yatafanya makao.

Kuunda meza

Chai ikiachwa inakuwa mti. Sisi tunataka kitu kama meza, tambarare, pana, chenye matawi mengi kuanzia chini. Mche ukishika na shina likawa nene kama penseli, ukate kwa urefu wa sentimita 15 kutoka ardhini. Inauma moyoni, kwa sababu umeulea mwaka mzima na sasa unaurudisha chini. Lakini asiyekata hapo anapata shina moja refu lenye kofia ndogo ya majani juu. Matawi yakitoka na kukomaa, kata tena kwa sentimita 28. Yakipanda tena, anza kuchuma ncha tu kwa sentimita 50, ukirudia kila zinapovuka kipimo, mpaka mashina yakutane mstari kwa mstari. Chukua fito mbili zenye alama ya sentimita 50 na kamba kati yake. Macho peke yake hudanganya, hasa kwenye mteremko.

Njia nyingine ni kuinamisha matawi na kuyabana kwa vigingi ili kila kijicho kichipue. Inafungua shina vizuri na haipotezi jani, ila inakula vibarua. Kwa eka moja ya familia ninaipendekeza.

Magugu na mbolea

Mpaka meza zifunge, magugu ndiyo kazi yako. Sangari ing'olewe na mizizi yake kabla ya kupanda, kwa sababu ikishaingia kati ya mashina hutaitoa. Karibu na mche ng'oa kwa mkono, kwani mizizi ya kulia chakula iko juu juu na jembe linaikata. Meza zikishafunga, kivuli chake kinakufanyia palizi.

Chai inavunwa jani, na jani linataka naitrojeni. Kwa shamba lililokomaa lenye mavuno mazuri, kilo 150 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka ni kiwango cha kawaida. Kwa mbolea ya 25:5:5, ambayo robo yake ni naitrojeni, hiyo ni kilo 600, mifuko 12 kwa hekta, au mifuko mitano hivi kwa eka. Gawa mara mbili: mvua zikishakolea, na tena kabla hazijaisha. Ardhi iwe na unyevu lakini majani yawe makavu, la sivyo chembe zitanasa na kuyaunguza. Miche michanga ipewe kidogo kidogo kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua, kwa duara, mbali na shina. Mbolea ya CAN wape mahindi. Ina kalisi, na chai haiihitaji kwa wingi. Chokaa na majivu vikae mbali.

Mchumo

Hapa ndipo pesa inapotoka. Kiwango ni majani mawili na kichipukizi. Jani la tatu linaongeza uzito kwenye mizani na kuharibu chai kiwandani. Viwanda vingi vitalikataa au vitalipa pungufu.

Mchumaji mzuri umtazame mikono. Analaza fito nyembamba juu ya meza, na kila kinachosimama juu ya fito chenye majani mawili na kichipukizi anakivunja kwa kidole gumba na cha shahada, kwa kukikunja pembeni. Havuti, kwa maana kuvuta huchuna ganda. Mikono yote miwili inafanya kazi kwa pamoja, na kiganja kikijaa kiasi tu anatupa nyuma ya bega kapuni. Anayeshikilia mpaka kiganja kifurike amelivuruga jani kabla halijafika mizani. Kilichoko chini ya fito anakiacha kwa ajili ya mzunguko ujao. Banji, yaani kichipukizi kilicholala, kikiwa laini anakichuma. Kikiwa kigumu anakivunja na kukitupa chini, asikiache, kwa sababu kitazuia macho mengine na kufanya meza iwe na mabonde.

Msimu wa mvua rudi kila siku 7 hadi 10. Juni mpaka Agosti, joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chipukizi karibu zinasimama, na mzunguko unaweza kufika wiki tatu. Gawa shamba katika vipande saba au nane ili kila siku kuwe na kipande kilicho tayari. Ukiruka mzunguko mmoja wakati wa mvua, chipukizi zinakomaa, unalazimika kuzivunja na kuzitupa, na mzunguko unaofuata nao unachelewa. Mashamba mengi yanayoitwa yamechoka tatizo lake ni mzunguko. Mchumaji mzoefu huleta kilo 30 hadi 50 kwa siku msimu mzuri. Kwa hesabu hiyo utajua unahitaji watu wangapi, na uwatafute kabla jani halijachipuka, kwani wakati huo kila jirani anawatafuta hao hao.

Mikasi ya kuchumia inaongeza kilo, na vibarua wakiwa adimu haina budi. Lakini haichagui. Nitaitumia kwenye kilele cha mvua kwa watu waliofundishwa, na kamwe sitaiingiza kwenye kipande kilichopogolewa mwaka huo.

Baada ya kuchuma, ulinde mzigo. Tumia vikapu vinavyopitisha hewa, mifuko ya nailoni iache. Usishindilie kwa mguu. Weka kivulini, na kila baada ya muda ingiza mkono mpaka katikati ya kapu: ukisikia joto kama la chapati zilizofunikwa, mwaga jani ulitandaze. Jani lililopata joto hugeuka jekundu. Kiwandani zinahitajika kilo 4 na nusu hivi za jani bichi kutoa kilo 1 ya chai kavu, kwa hiyo kila kilo iliyoharibika ina hesabu yake. Kwenye mizani hakikisha inasoma sifuri kabla kapu halijapanda, na uandike kilo zako kwenye daftari lako mwenyewe. Kuna karani aliyekuwa akitukata kilo mbili kila kapu kwa ajili ya "maji," hata siku za jua. Tuliacha kunung'unika siku tulipoweka madaftari matatu mezani.

Wadudu

Kwa bahati njema chai yetu haina wadudu wengi. Kiangazi utitiri mwekundu huyapa majani rangi ya shaba, na mvua yenyewe huumaliza. Mbu wa chai, ambaye si mbu halisi bali mdudu wa jamii ya kunguni, hunyonya chipukizi na kuacha madoa meusi. Kuchuma kwa wakati kunampunguzia chakula. Kabla ya kukimbilia dawa kumbuka kwamba chai haioshwi: maji ya kwanza kuligusa jani baada ya shamba ni yale ya moto kikombeni. Dawa isiyoruhusiwa kwa chai isiingie, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma zifuatwe.

Kupogoa

Meza hupanda kila mwaka, na ikifika kifuani mchumaji anashindwa kuifikia na chipukizi zinakuwa banji tupu. Pogoa kila baada ya miaka mitatu, minne kwenye baridi kali. Mara ya kwanza sentimita 50, kila mzunguko ongeza 5, mpaka ufike 70, kisha ushuke tena. Fanya Juni hadi Agosti, lakini mabonde ya jalidi yasubiri mpaka baridi iishe. Pogoa theluthi moja ya shamba kwa mwaka, ili theluthi mbili ziendelee kulisha nyumba.

Kwanza chimba mzizi wenye unene wa penseli, ukate, na udondoshee iodini. Ukigeuka bluu nyeusi, wanga upo na shina litachipua. Ukibaki wa njano, shina lina njaa. Lipe mbolea, liache bila kulichuma kwa muda, na upime tena. Mashina dhaifu yaachie tawi moja au mawili yenye majani, tunayaita mapafu, uyakate baadaye chipukizi mpya zikishatoka.

Kisu kiwe kikali na mkato uende na mteremko wa ardhi. Mti uliopasuka hufungua mlango wa kuoza. Matawi yaliyokatwa yabaki shambani. Yalaze juu ya mashina yaliyo wazi ili jua lisiyababue, na akina mama wanaokuja kutafuta kuni waelekezwe kwenye mikaratusi. Baada ya miezi mitatu hivi chipukizi zitakuwa ndefu na zenye kushawishi. Weka fito sentimita 10 juu ya mkato, chuma kinachovuka hapo tu, na rudia kila wiki mpaka meza isimame upya.